Kodi Aliyokuwa Akiikagua Ketrina

Mwezi wa tatu mwaka 2013 nilipigiwa simu na mwanamume nisiyemjua. Nilikuwa kazini, kwenye maabara ya kompyuta ya chuo kimoja hapa Mbeya. Alisema yeye ni mjomba wa rafiki yangu Ketrina Nzowa wa Tunduma, na kwamba nyumbani wana wasiwasi na kazi anayoifanya nje ya saa za ofisi.

"Ni kweli mnakagua kodi?" akauliza.

"Ni kweli," nikasema.

"Kodi ya kampuni gani?"

Swali lilinishangaza kidogo, lakini nililijibu kama lilivyo. "Si ya kampuni moja. Inatumiwa na kampuni karibu zote. Hata serikali wanaitumia."

Nilisikia lori likipiga honi upande wake.

"Na mkikuta kosa mnapeleka wapi?"

"Tunaandika ripoti, inakwenda nje kwa wahusika. Tena inawekwa hadharani, anayetaka anaisoma."

"Na majina?"

"Majina yanawekwa pia."

Akakata simu bila kuaga. Lafudhi yake ilikuwa ya Kinamwanga, na ukoo wa Ketrina wote ni Wanyiha wa Hasamba kule Mbozi, kwa hiyo nilijua kwamba mjomba huyo si mjomba. Nikadhani ni mchumba anayemchunguza kabla ya kujitokeza, nikaamua kunyamaza nisije nikamharibia. Hilo ni kosa langu katika habari hii, na nalitaja mapema ili nisionekane nasimulia ya wenzangu tu.

Ketrina nilisoma naye stashahada ya kompyuta. Alikuwa msichana mrefu, mpole wa sauti, na asiyeamini kitu mpaka akiguse. Akifunga mlango wa bweni, alirudi kuusukuma. Mwalimu akiandika jibu ubaoni, yeye alilikokotoa upya kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Tabia hiyo aliitoa kwa baba yake, mzee Yonathani, mkulima wa kahawa. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Mbozi miaka ya tisini, kila mmoja na mizani yake, mzee Yonathani alitafuta jiwe, akaenda kulipima kwenye zahanati ya Misheni, likatoka kilo tisa. Tangu hapo hakuna mnunuzi aliyepima kahawa yake kabla jiwe halijapanda kwenye mizani. Ketrina ndiye aliyekuwa akilibeba, akiwa darasa la tatu. Aliniambia wanunuzi walikuwa wakimchukia yeye kuliko baba yake.

Baada ya chuo alipata kazi Tunduma kwa Watson Sichone, wakala wa forodha. Ofisi ilikuwa na vyumba vitatu, hatua chache kutoka mpakani, na mbele yake malori ya kwenda Zambia na Kongo yalikaa foleni siku nzima. Kazi ya Ketrina ilikuwa kutunza kompyuta na kuhakikisha hati za mizigo zinafika kwenye mfumo wa forodha kwa wakati. Dada Marita, mwanamke wa makamo aliyekaa ofisini hapo tangu inafunguliwa, ndiye aliyeziandaa hati zenyewe. Mzee Sichone alikuwa na ufunguo wa kila kabati, na funguo zote zilining'inia kiunoni mwake.

Kila alasiri mtandao wa ofisi ulikuwa ukizubaa. Hati ndogo ilipita, kubwa ilikwama. Ketrina alipiga simu kwa waliowauzia huduma, wakamwambia hawaoni tatizo. Hakuwaamini. Akaunganisha kompyuta kuukuu pembeni mwa chumba, akaiwekea mfumo wa Linux, mtandao wote wa ofisi ukawa unapita humo, akaanza kupima mwenyewe. Aligundua kwamba mawasiliano yao yalikuwa yakipitishwa kwenye minara miwili kwa zamu, mmoja wa karibu na mwingine wa mbali, kwa hiyo pakiti, yaani kipande cha habari zinazotumwa, iliyotangulia kuondoka mara nyingine ilifika nyuma ya iliyoifuata.

Ndipo alipoanza kusoma kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya Linux inayoendesha kila kitu, mtandao ukiwemo. Kerneli inaandikwa na watu wengi waliotawanyika duniani. Anayetaka kubadilisha kitu hutuma kiraka, yaani kipande cha maandishi ya programu, kwenye orodha ya barua pepe iliyo wazi kwa wote. Wengine hukikagua mstari kwa mstari kabla hakijakubaliwa. Maandishi hayo walimu wa Kiswahili wanayaita msimbo. Sisi tuliosoma chuo tuliyaita kodi, kama tulivyoyasikia kwa wakufunzi wetu.

Kwa nusu mwaka Ketrina alisoma tu barua za watu. Baadaye akaanza kuandika moja moja, sentensi mbili tatu: mstari huu una namba isiyotumika, hapa hamjaangalia urefu. Kule mgeni hapokewi kwa shangwe. Wanamjibu kwa ufupi, wakitaka kwanza wajue ametoka wapi na anajua nini. Yeye hali hiyo ilimpendeza. Alisema watu wanaokutilia shaka waziwazi ni rahisi kuishi nao.

Februari mwaka huo mtu mmoja wa Ulaya aitwaye Lennart Voss alituma viraka vinne kwa mpigo. Vilihusu namna mashine zinavyoambizana habari za msongamano. Pakiti ikipita mahali penye foleni, mashine ya pale inaitia alama. Mpokeaji anahesabu zilizofika na alama, na anapojibu anamrudishia mtumaji hesabu hiyo. Mtumaji akiona hesabu imepanda, anapunguza mwendo. Hesabu yenyewe inasafiri kwenye kipande kidogo cha ziada mwanzoni mwa pakiti, ambacho wenye kazi hiyo wanakiita chaguo, kwa sababu pakiti inaweza kuwa nacho au isiwe nacho.

Ketrina alichapisha viraka vyote kwenye mashine ya ofisi, karatasi kumi na tisa, akawa anazisoma wakati wa chakula cha mchana kwa mama mmoja anayeuza ugali na kapenta, wale dagaa wadogo, karibu na kituo cha malori. Alisoma na kalamu nyekundu mkononi. Kwenye kiraka cha tatu akasimama.

Alinieleza kwa mfano wa lori. Mita ya kilomita kwenye dashibodi ikifika mwisho inarudi sifuri na kuanza upya. Sasa ukiiangalia leo ukakuta namba ndogo kuliko ya jana, utasema lori limezunguka mita nzima, au utasema aliyekuletea namba kakuletea ya juzi? Kodi ya Lennart ilisema siku zote ni mita imezunguka. Hesabu ndogo ikifika baada ya kubwa, mtumaji anaamini kwamba baiti milioni kumi na sita na ushee zimekutana na msongamano ghafla, naye anabana mwendo mpaka karibu kusimama.

"Kwenye mtandao ulionyooka haitokei," akaniambia. "Lakini huku kwetu majibu yanapishana njiani kila siku."

Aliandika swali lake orodhani: itakuwaje jibu la zamani likichelewa na kufika baada ya jipya? Lennart akajibu siku ileile kwamba majibu ya zamani hutupwa kabla hayajasomwa, kwa hiyo jambo hilo haliwezekani. Watu wawili wenye majina makubwa walikuwa wameshavipitisha viraka hivyo. Ketrina akaangalia kiraka cha tatu tena, akaona kweli kuna mahali umri wa jibu unakaguliwa, napo pako juu ya mstari aliokuwa akiulalamikia. Ilibidi akubali. Hakukubali.

Alinipigia simu Ijumaa akiwa kwenye korido ya ofisi. Tulikubaliana Jumamosi mchana, ofisi yao ikiwa imefungwa, atume faili kubwa kutoka kompyuta yake ya pembeni kuja kwenye mashine yangu ya maabara, zote mbili zikiwa na kodi ya Lennart. Katikati niliweka mashine ya tatu ya kutia alama pakiti zikirundikana. Simu yake ilikuwa ya sauti mbovu, kwa hiyo aliongea kwa nguvu.

"Kesho wakishaondoka wote ndiyo naikagua hiyo kodi," alisema. "Wanadhani hakuna anayeangalia. Nikipata ushahidi, ripoti naituma na majina yao yote."

Mzee Sichone alikuwa nyuma ya mlango wa korido hiyo.

Kuanzia hapo mambo ya ofisini yalibadilika. Jumatatu Ketrina alikuta kabati la majalada ya zamani limehamishiwa chumbani kwa bosi. Jumanne alimkuta dada Marita amesimama karibu na meza yake, mkono juu ya droo.

"Unatafuta nini, dada?"

"Stepla."

Stepla ya dada Marita ilikuwa juu ya meza ya dada Marita, Ketrina aliiona. Jioni alihesabu karatasi zake, zikatoka kumi na saba. Mbili zilizopotea ni zile zenye wino mwekundu mwingi kuliko zote. Akaanza kuwaza. Labda dada Marita ana ndugu anayemtakia kazi yake. Labda mzee ana jambo analolificha kwenye lile kabati, na anaogopa mtu anayejua kompyuta. Kila mmoja akawa anamchunguza mwenzake kwa pembe ya jicho, na salamu za asubuhi zikawa fupi. Dada Marita, ambaye zamani alimletea viazi kutoka kwao, akaanza kumuuliza maswali ya ajabu: kama ana ndugu serikalini, kama amewahi kuapishwa mahali popote, kama mshahara wake unatoka kwa mzee peke yake.

Jumatano ndipo nilipopigiwa mimi ile simu ya mjomba.

Alhamisi akaja mgeni, mwanamume wa makamo aitwaye Nikodemo, akatambulishwa kama mteja kutoka Vwawa. Akakaa kwenye benchi asubuhi nzima bila hati hata moja. Ketrina aliona viatu vyake havina vumbi la maegesho ya malori, na macho yake yanafuata nyaya ukutani. Mteja wa forodha hatazami nyaya. Ketrina alipotoka kwenda kula, alifunga kompyuta yake ya mezani kwa nywila. Ile ya pembeni aliiacha ikifanya kazi, kwa kuwa ingezimika ofisi nzima ingekosa mtandao. Aliporudi, mfuniko wake ulikuwa umekaa upande.

Jaribio letu la Jumamosi lilikuwa limekwisha kutupa tulichokitaka, nusu. Faili lilikwenda vizuri dakika tatu, kisha mwendo ukaanguka kama mtu aliyekanyaga breki, ukapanda polepole, ukaanguka tena. Mara kumi na moja kwa saa moja. Ketrina alikuwa ametuma matokeo orodhani. Lennart alijibu kwamba matokeo hayo yanaonyesha ubovu wa mtandao wake, siyo ubovu wa kiraka, na akarudia kwamba majibu ya zamani hutupwa. Mwingine akauliza kwa adabu kama ana uhakika anajua kupima. Hapo Ketrina alikwama, kwa sababu alikuwa ameona breki lakini hajui mguu wa nani umeikanyaga.

Ijumaa saa nne asubuhi mzee Sichone akamwita chumbani kwake. Dada Marita alikuwepo, na yule mteja wa Vwawa pia. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili zenye wino mwekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Kaa. Nani amekutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Kwenye ofisi yangu. Nimekuajiri, nimekupa mashine, kumbe una mwajiri mwingine. Unakagua kodi. Usikatae, mwenzako wa Mbeya amekiri kwangu kwa mdomo wake."

"Ndiyo, nakagua kodi," Ketrina akasema. "Sijawahi kuficha."

Dada Marita akaweka kiganja mdomoni.

"Kodi ya nani?"

"Ya kerneli."

"Kanali gani?"

"Kerneli, mzee. Ya kompyuta."

Mzee Sichone aligeuka kumtazama Nikodemo. Huyu alikuwa ameinamia zile karatasi mbili, na kwa mara ya kwanza alionekana anazisoma badala ya kuzitazama.

"Mzee, ngoja kwanza," akasema. "Hii kodi anayosema siyo ya mapato. Ni maandishi ya programu. Fundi anayasoma kutafuta makosa. Nasi mafundi wa Vwawa tunayaita hivyohivyo, kodi."

"Nimekuleta umkague au umtetee?"

"Nakwambia ninachokiona." Akamgeukia Ketrina. "Lakini dada, kuna lingine. Jana nimefungua ile mashine ya pembeni. Kuna faili limerekodi vilivyotoka ofisini hapa. Majina ya wateja yamo, na hati za mizigo zimo. Hilo nimeliona kwa macho yangu."

"Haiwezekani. Nimerekodi pakiti zangu tu."

"Fungua uone."

Wakaenda wote wanne kwenye kompyuta ya pembeni. Faili lilikuwepo, na tarehe yake ilikuwa ya wiki mbili nyuma, siku aliyojaribu mitambo kwa mara ya kwanza, siku ya kazi. Alisahau kuiambia mashine ichague pakiti zipi. Dakika nane za hati za ofisi zilikuwa zimelala humo, wazi, bila yeye kujua. Wiki nzima Ketrina alikuwa akimshuku dada Marita, akimshuku mzee na kabati lake, akiwashuku watu wa Ulaya, na jambo baya kuliko yote lilikuwa limefanywa na mkono wake.

"Hili ni kosa langu," akasema. "Sikukusudia, lakini nimelifanya."

"Umewapelekea wazungu?"

"Sijapeleka. Nilichopeleka ni namba za jaribio la Jumamosi. Barua zangu zote ziko wazi, Nikodemo anaweza kukusomea."

Mzee Sichone akavuta kiti. "Asome. Zote."

Nikodemo akakaa mbele ya kompyuta akaanza kusoma barua za Ketrina moja baada ya nyingine, akizigeuza kwa Kiswahili. Ilichukua saa mbili. Madereva walikuja mlangoni, mmoja Mzambia akaita "mukwai", neno la heshima la Kibemba, mara tatu, dada Marita akawaambia wasubiri. Mzee alisikiliza mikono ikiwa kifuani, akitafuta jina la ofisi yake ndani ya habari za pakiti, foleni na alama. Hakulipata. Wala hakuonekana kutulia. Walipofika kwenye barua za Lennart akamsimamisha Nikodemo.

"Rudia hapo. Huyu binti ameuliza nini?"

"Ameuliza itakuwaje jibu la zamani likichelewa kufika."

"Na mzungu?"

"Anasema halifiki, linatupwa kabla ya kusomwa."

"Na mara ya pili?"

"Amesema vilevile."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu ya kusikiliza madereva mpakani, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazini.

"Huyu hajajibu. Ameulizwa itakuwaje, yeye anasema haitakuwa. Dereva akinijibu hivyo, naenda kufungua turubai. Anasema linatupwa kabla. Kabla ya nini? Limetupiwa getini, au limeingia, limeshusha mzigo, ndipo likafukuzwa?"

Ketrina alisimama akaenda kwenye droo yake, akatoa karatasi kumi na saba, akaziweka pamoja na zile mbili za mezani, na mbele ya watu wote akaanza kusoma upya. Safari hii hakuanza na kiraka cha tatu. Alianza na cha kwanza. Kwenye cha pili, ambacho Lennart alikiita cha maandalizi tu na yeye alikipita kwa alama chache za kalamu, akakuta mstari mmoja. Wakati kerneli inasoma machaguo ya pakiti, ilikuwa inaichukua hesabu ya msongamano na kuiandika palepale, papo hapo. Ukaguzi wa umri wa jibu ulikuja baadaye, kwenye kiraka cha tatu. Jibu la zamani lilitupwa kweli, lakini hesabu yake ilikuwa imekwisha kubaki ndani.

"Limeshusha mzigo," akasema.

"Eeh," mzee Sichone akasema, kama mtu aliyetarajia hivyo.

Nikodemo akaomba aone. Wakaangalia rekodi za Jumamosi, wakatafuta mahali mwendo ulipoanguka. Kila palipoanguka, sekunde chache nyuma palikuwa na jibu lililochelewa, lenye hesabu ndogo kuliko lililolitangulia. Mara kumi na moja zote. Nikodemo, aliyelipwa nauli kuja kumkamata, akawa anahesabu naye kwa kidole kwenye kioo.

Msidhani mambo yaliishia kwa kupeana mikono. Mzee Sichone alisimama, akasema: "Ya kodi nimeelewa. Ya faili sijayasamehe." Akataka lifutwe mbele yake, na Nikodemo ahakikishe hakuna nakala. Kompyuta ya pembeni ikahamishiwa chumbani kwake, chini ya meza yake, na Ketrina akawa anaingia kuishughulikia kwa ruhusa, dada Marita akiwa amesimama mlangoni. Ketrina hakubisha. Alisema angekuwa yeye ndiye mwenye ofisi angefanya hivyohivyo.

Jioni hiyo dada Marita alimsubiri nje. "Zile karatasi nilichukua mimi," akasema. "Mzee aliniambia nichukue, nikachukua. Sikupenda, lakini nilichukua."

"Nilijua ni wewe."

"Mbona hukuniuliza?"

Walitembea pamoja hadi njia panda, kila mtu akashika njia yake.

Ripoti aliituma siku iliyofuata, na sehemu ya kwangu niliiandika mimi, kwa sababu mashine ya kupokea ilikuwa yangu. Siku nne zilipita bila neno. Ketrina alinipigia kila siku. Alikuwa na hakika kwamba Lennart anarekebisha kimyakimya ili aje aseme ameliona mwenyewe. Siku ya tano toleo jipya likaja. Kusoma hesabu kulikuwa kumeshushwa chini ya ukaguzi wa umri, na kwenye maelezo Lennart alikuwa ameandika bila kujitetea kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba limegunduliwa na Ketrina Nzowa wa Tunduma, Tanzania, na limepimwa na yeye pamoja na mimi. Akamwomba Ketrina aweke jina lake kama mkaguzi.

Hakuliweka. Alisoma upya kutoka mstari wa kwanza, siku sita, akakuta mahali pengine ambapo kodi inauamini urefu uliotajwa ndani ya chaguo bila kuangalia kama baiti hizo kweli zipo. Likatoka toleo la tatu. Hapo ndipo alipoandika jina lake, na viraka vikakubaliwa. Nilimuuliza amejisikiaje. Alisema anajisikia kama mtu aliyetia saini, na kwamba hapendi kutia saini.

Mwezi wa tisa wakaguzi wa mapato, wale wa kodi ile nyingine, walifika ofisini kwa mzee Sichone. Ulikuwa ukaguzi wa kawaida. Mawakala wa mtaa mzima walitembelewa wiki hiyo. Walikaa siku mbili, wakaandika marekebisho madogo, wakaondoka. Lakini siku ile ya kwanza, walipoingia na mikoba yao, mzee hakuwatazama wao. Alimtazama Ketrina. Aliendelea kumtazama hivyo baada ya wao kuondoka. Akiwa anaongea na simu na Ketrina akapita, alishusha sauti. Hakumfukuza, na hakuwahi kumwambia neno baya. Mara moja tu, wakiwa wawili, alimuuliza: "Wale hukuwaita wewe?"

"Sikuwaita, mzee."

"Sawa," akasema. Ketrina akaona kabisa kwamba si sawa.

Desemba aliaga. Dada Marita alimfungia viazi kwenye mfuko, na mzee Sichone akamwandikia barua nzuri ya utambulisho, nzuri kuliko alivyotegemea, yenye maneno kwamba ni mfanyakazi makini asiyepitwa na kitu. Ketrina aliisoma mara tatu akitafuta kama maneno hayo yana maana ya pili. Alipata kazi Vwawa, kwenye duka la Nikodemo, wakiunganisha mitandao ya shule na vinu vya kahawa. Nikodemo alimfuata mwenyewe. Alisema kati ya watu wote aliowahi kulipwa kuwachunguza, huyo ndiye peke yake aliyekiri kosa kabla ya kulitetea.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 nilikwenda Vwawa kumtembelea. Dukani nilimkuta anasoma barua ya Lennart Voss. Safari hii Lennart hakuipeleka orodhani. Alikuwa amemtumia yeye peke yake, pamoja na viraka saba vipya, akimwomba avisome kwanza kimya, kabla ya wengine, kwa kuwa anaiamini kazi yake.

Nikamwambia hiyo ni heshima kubwa.

"Inawezekana," akasema. "Lakini kwa nini kimya?"

Akamjibu Lennart kwa sentensi moja, kwamba avipeleke orodhani watu wote waone, ndipo naye atavisoma. Akabonyeza kutuma, akainuka kwenda kumhudumia mteja aliyekuwa akisubiri waya.